Kome wa Lucky Strike, mita 1,700 chini

Tulishuka watatu ndani ya tufe la titani la Nautile, nyambizi ya Ufaransa, hadi Lucky Strike, eneo la chemchemi za maji moto kwenye sakafu ya Atlantiki, kusini-magharibi mwa visiwa vya Azores. Mwanga wa jua ulitutoka mapema. Saa moja hivi baadaye taa zetu ziliumulika Eiffel Tower, mnara wa mawe uliojengwa na chemchemi ya maji moto, urefu wake mita 11 hivi. Jiwe lenyewe sikuliona. Niliona kome tu, wamebanana ganda kwa ganda, na kati yao maji yakitetemeka kama hewa juu ya moto.

Mtetemo ule ndio niliousafiria. Maji yatokayo ardhini yamejaa sulfidi, kemikali ya salfa, ya bahari yana oksijeni, na kome hukaa pale pale yanapokutana. Sulfidi peke yake ni sumu: huzuia kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kikemia) cha mwisho cha upumuaji ndani ya seli. Ikikutana na oksijeni huzua balaa la pili, kwani huzalisha superoksidi na peroksidi ya hidrojeni, aina kali za oksijeni zinazoshambulia utando wa seli, protini na DNA. Chuma na shaba zilizomo majini huchochea zaidi. Na kome hana pa kuhamia. Miongoni mwa bakteria wanaomlisha, waishio ndani ya matamvua yake ya kupumulia, wamo wanaohitaji sulfidi na oksijeni kwa pamoja. Riziki na sumu vinampitia mlango mmoja.

Mkono wa nyambizi uliwang'oa wachache, nyuzi zao zikikatika moja moja, ukawafungia sandukuni. Njia nzima ya kupanda niliwaza sanduku lile tu, maana safari yenyewe humsumbua mnyama na kuvuruga tunachotaka kupima.

Melini nilipitisha kisu, ganda likaachia. Harufu ya mayai viza ikajaa chumba. Matamvua yalikuwa manene, ya kahawia, yamejaa karibu ganda zima. Humo ndimo ulinzi ulimo: kimeng'enya kimoja hugeuza superoksidi kuwa peroksidi, na cha pili, katalesi, huipokea na kuivunja iwe maji na oksijeni. Cha pili kikizidiwa, kazi ya cha kwanza inakuwa hatari, kwa hiyo lazima tuvipime vyote viwili.

Nikakata kipande cha ukubwa wa punje ya mahindi, nikakitumbukiza kwenye naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi kali, kigande papo hapo. Ikachemka kwa kishindo, kisha ikatulia. Nikamchukua kome wa pili.