Bajeti ya misaada ya Uingereza: anza na fungu la wakimbizi

Ukitaka kuielewa bajeti ya misaada ya Uingereza, usiishie kwenye asilimia ya pato la taifa. Ilikuwa 0.7, ikashushwa hadi 0.5 mwaka 2021, na Februari 2025 serikali ikatangaza kuwa itakuwa 0.3 ifikapo 2027.

Tazama kwanza gharama za wakimbizi walioko Uingereza kwenyewe. Kanuni za OECD, jumuiya ya nchi tajiri inayoweka vigezo vya misaada, zinairuhusu nchi mfadhili kuhesabu kama msaada chakula na malazi ya mkimbizi kwa miezi 12 ya kwanza. Mwaka 2023 fungu hilo lilikula pauni bilioni 4.3 kati ya bilioni 15.3 hivi, zaidi ya robo. Sehemu kubwa hutumiwa na Wizara ya Mambo ya Ndani, ilhali inayobanwa ni Wizara ya Mambo ya Nje. Kwa kuwa jumla ina kikomo, bili ya hoteli wanakolazwa wakimbizi ikipanda, mradi wa maji au chanjo ng'ambo hupunguzwa au kuahirishwa. Kwangu hilo ni kosa, hata kama kanuni zinaruhusu.

Kuna na kalenda: mwaka wa fedha huanza Aprili, lakini lengo la asilimia hupimwa Januari hadi Desemba. Malipo yakivuka Desemba, huhesabiwa mwaka unaofuata.