Kublai na Yongle, na yule twiga wa Malindi

Mimi Yongle, yule mfalme wa China, nilimjua kwa ajili ya twiga tu, yule aliyetoka Malindi akafikishwa China mwaka 1415, stori wengi tunaijua. Juzi nikawa nasoma mambo ya Kublai Khan, Mmongolia aliyeitawala China kabla yake, nikashangaa, hawa wazee wamepishana zaidi ya miaka mia ila wamefanana balaa.

Wote walikipata kiti kwa kupigana na ndugu. Kublai alipambana na mdogo wake Ariq Böke kuanzia 1260 mpaka 1264, dogo akasalimu amri, akafia kizuizini. Yongle yeye alimpindua Jianwen, mtoto wa kaka yake, yaani kwetu huyo ni mwanao kabisa! 1402 jumba la Nanjing likaungua na mpaka leo haijulikani kijana alifia humo au alitoroka. Kilichoniudhi zaidi ni alichofanya baadaye, aliifuta miaka minne ya kijana kwenye kumbukumbu, ikahesabiwa kama bado anatawala babu yake, ambaye alishazikwa zamani.

Kublai naye tamaa ilimponza. Japani alituma meli 1274 akashindwa, 1281 akarudia, kimbunga kikazizamisha, hajakoma, 1293 jeshi likaenda Java nako likatimuliwa. Noti za karatasi nazo zikachapwa mpaka zikashuka thamani. Lakini mzee alijua kutumia watu bila kuuliza umetoka wapi, alimpa Mwislamu wa Bukhara, huko Asia ya Kati, Sayyid Ajall, aongoze jimbo la Yunnan, na huko huko Yunnan ndiko alikuja kuzaliwa Zheng He, anayetajwa kuwa wa ukoo wake, ndio huyo admeri wa zile meli za Yongle zilizofika mpaka pwani yetu. Kwa hiyo hata sifa kubwa ya Yongle, mbegu kaipanda Kublai, mi nacheka tu.

Hata Beijing ni hivyo hivyo. Kublai alijenga mji wake pale, Yongle akaja kujenga kasri lake palepale, likaisha 1420, mwaka uliofuata radi ikapiga kumbi tatu kubwa zikateketea.

Sasa rudi kwa twiga. Wachina walimwita qilin, mnyama wa hadithi anayetokea pale tu mfalme mwema anapotawala, na Yongle akatoka mwenyewe mpaka getini kumpokea. Mfalme mzima kasimama anamwangalia mnyama wa Malindi, na kwenye vitabu vyake Jianwen hajawahi kutawala.