Doa Kwenye Kona ya Kulia

Juzi usiku simu yangu ilijisasisha yenyewe nikiwa nimelala, na asubuhi nikamkatia mama mkwe mara mbili mfululizo. Kitufe cha kupokea kilikuwa kimehamishwa. Jicho lilikiona kilipo, ila kidole kilikuwa kimeshafika kule kilikozoea.

Nikamkumbuka Mzee wa zamu ya usiku.

Wakati ule nilikuwa nimepewa kazi ya kuchora upya skrini za mtambo wa kuchanganyia sabuni ya maji. Zile za zamani zilikuwa zimevaa nguo za sikukuu: matanki ya kijani, mabomba ya bluu, feni zinazozunguka bila sababu. Mimi nilikuwa nimesoma ISA-101, kiwango cha kuchora skrini za mitambo kilichotoka 2015, nikakishika kama mtu aliyeokoka jana. Nyuma kote kijivu. Pampu iliyosimama kijivu kilichokolea, inayofanya kazi nyeupe. Nyekundu na njano zikae zisubiri hatari, ili siku zikitokea zionekane. Mzee alipoiona mara ya kwanza aliniuliza, "Kijana wangu, hii skrini inaumwa?" Nikacheka. (Bado naamini kijivu kilikuwa sahihi. Kwa hilo sirudi nyuma.)

Niliondoa pia yale maswali ya "Una uhakika?" Skrini ya zamani iliuliza kwa kila jambo, hata ukiwasha taa ya ndani ya tanki, na watu walikuwa wakijibu Ndiyo bila kusoma. Halafu nikavipanga vitufe kwa mantiki: vya kuanzia kushoto, vya kumalizia kulia. Kona ya chini kulia ikapata "Maliza Bechi", kile cha kutoa mchanganyiko kwenye tanki ukishakuwa tayari. Zamani pale palikuwa na "Nimeona", kile cha kunyamazisha alamu.

Usiku wa kwanza nilisimama pembeni, mikono mfukoni, nikitazama kazi yangu.

Alamu ya mtiririko mdogo ikalia. Ilikuwa ikilia mara sita saba kila zamu, tangu kabla sijafika, kwa sababu ya kihisi ambacho hakuna aliyepata muda wa kukishughulikia. Mzee hakuigeukia skrini. Alikuwa ameinamia kioo cha kupimia kina cha tanki, tochi mkono wa kushoto, glovu zimelowa. Mkono wa kulia ukatoka peke yake, ukaenda nyuma yake, kama unavyopapasa swichi ya taa chumbani kwako gizani. Niliuona ukienda. Nadhani nilikuwa na muda hata wa kusema "Mzee!", lakini nilikuwa nimeshikwa na uzuri wa jambo lenyewe, jinsi mtu anavyoweza kuujua mtambo wake kwa mgongo. Akabonyeza kwa kifundo cha kidole, mara moja tu.

Hewa ikatoka, psss. Vali ya chini ya tanki ikafunguka, na bomba likaanza kunguruma.

Skrini haikushtuka. Vali iligeuka nyeupe taratibu, kama nilivyoichora. Nyekundu haikutokea popote, kwa sababu kwa mtambo hapakuwa na hitilafu: PLC, kompyuta ndogo inayoendesha mtambo, ilipokea amri, ikaangalia kama tanki la kupokea lina nafasi, ikatii. Alamu ndiyo iliyoendelea kulia. Mzee, bado macho kwenye kioo, akabonyeza tena palepale, safari hii kwa nguvu zaidi.

Nilipofika kuifunga vali, lita kama 400 za sabuni mbichi zilikuwa zimeshaingia kwenye tanki la sabuni iliyokamilika. Ukaja usiku mrefu, simu, kikao cha asubuhi. Vitufe nikavibadilisha kabla ya saa nne. Swali la "Una uhakika?" nikalirudisha kwa kitufe kile kimoja, na baada ya wiki chache vijana walikuwa wakilijibu Ndiyo kabla halijamaliza kufunguka.

Baada ya kikao nilishuka stoo, nikaitoa paneli ya zamani kwenye boksi, nikaiinamisha chini ya taa. Kona ya chini kulia palikuwa na doa jeupe, upana wa dole gumba, plastiki imesuguliwa hadi imepoteza mng'ao. Hapakuwa na doa jingine kama lile kwenye kioo kizima. Paneli hiyo nilikuwa nimeing'oa mimi, nikaifuta mimi, nikaifunga kwenye boksi mimi.

Ripoti ya tukio ilijazwa kwenye kompyuta. Sehemu ya chanzo ilikuwa na orodha ya kuchagua, na fomu ilipofunguka tu, chaguo la kwanza lilikuwa limeshajiweka: Kosa la opereta. Nilikuwa sijalala. Nikaliacha, nikabonyeza Tuma. Mzee alisaini chini yake bila neno.

Mama mkwe nilimpigia mwenyewe baadaye. Nikamwambia mtandao ulikuwa unasumbua.