Fukuto, si joto: marathoni ya Mombasa mkiwa kikundi

Machi 2007 mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika hapa, kwenye uwanja wa gofu wa Kizingo. Mbio za wanaume zilikuwa kilomita 12 tu. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyezitawala mbio hizo tangu 2002, aliachia njiani mzunguko wa mwisho, na Zersenay Tadese wa Eritrea akaondoka na dhahabu. Kama kilomita 12 zilimtoa Bekele, 42 na ushei zinataka adabu.

Kipimajoto cha Mombasa hakitishi. Garissa kuna joto zaidi. Kinachoangusha watu hapa ni fukuto. Jasho halimpozi mtu kwa kutoka, linampoza kwa kukauka, na hewa iliyojaa unyevu hailikaushi. Linadondoka chini bure. Ukiona matone yanatoka kwenye kiwiko, hayo ni maji uliyopoteza bila kupata ubaridi wowote. Alfajiri, tunapodhani ndiyo nafuu, unyevu huwa juu kuliko mchana. Faida kubwa ya kuanza saa kumi na moja ni kwamba jua halijachomoza. Mtu anayekimbia kwa muda wa saa nne na nusu akianza saa hiyo atamaliza saa tatu na nusu asubuhi, kwa hiyo zaidi ya saa moja ya mwisho ataipiga chini ya jua kali, wakati ameshachoka. Miezi yenye huruma kidogo ni Julai na Agosti. Januari hadi Machi ni ya wenyeji na wabishi.

Anayetoka Nairobi au Eldoret huja akitegemea mapafu ya milimani, na mapafu kweli yanafurahi. Shida iko kwenye ngozi. Mwili unahitaji siku 10 hadi 14 za kukimbia kwenye joto ndipo uzoee vizuri, yaani utoe jasho mapema na damu iongezeke. Kushuka na treni ya SGR Ijumaa ukakimbia Jumapili hakukupi chochote kati ya hivyo. Kama hamna nafasi ya kuja mapema, punguzeni mwendo: ongezeni sekunde 30 kwa kila kilomita juu ya mwendo wa nyumbani, kisha mtazame kilomita ya 10 inasemaje. Aliyezoea dakika 5 na sekunde 45 aanze na 6 na robo. Waliovaa nguo za kufunika mwili wachague kitambaa chepesi, kipana, cha rangi ya mwangaza, na waanze polepole zaidi. Fulana ya pamba achaneni nayo, inabeba jasho kama tambara la kupigia deki.

Sasa habari ya maji, ambayo watu huiambiana kinyume, kwamba unywe kadiri uwezavyo. Jipimeni. Mtu ajifute, apande mizani bila nguo, akimbie saa nzima kwa mwendo wa mbio zenyewe, ajifute tena, apande tena. Akiwa alianza na kilo 70, akarudi na 68.9, na njiani alikunywa mililita 400, basi jasho lake ni lita 1.5 kwa saa. Kwa saa nne na nusu hiyo ni karibu lita 7. Tumbo la mtu anayekimbia halipokei kwa raha zaidi ya mililita 600 hadi 800 kwa saa, kwa hiyo pengo haliwezi kuzibwa kwa kunywa. Linazibwa kwa kwenda polepole, maana mwendo ndio unaotengeneza joto. Mtu yuleyule akishusha jasho hadi lita 1.1 kwa saa na kunywa mililita 700, baada ya saa hizo nne na nusu atakuwa amepungua kilo 1.8, na hilo mwili unalimudu. Anayemaliza akiwa mzito kuliko alivyoanza ndiye wa kuhofiwa: maji mengi yamezimua chumvi ya damu, na hilo linaweza kuua.

Kinywaji cha kutengeneza nyumbani ni hiki: maji lita 1, sukari gramu 60 (vijiko 15 vya chai, vya kusawazisha), chumvi robo kijiko cha chai, ndimu moja. Msizidishe sukari kwa kudhani mnaongeza nguvu. Ikipita gramu 80 hivi, tumbo linachelewa kuitoa na maji yanabaki yakichezacheza. Dafu ni zuri, lakini lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, na jasho linaondoka na sodiamu hasa. Tieni chumvi kidogo. Chakula kiwe gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Tende 5 ndogo ni kama 25, na kokwa zitolewe usiku, si mkiwa mbioni. Mahamri kwa mbaazi yangojee mpaka mmalize: mafuta na kunde tumboni saa kumi alfajiri ni kujitafutia choo Moi Avenue.

Ubaridi wa nje unasaidia kuliko watu wanavyodhani, mradi uwe barafu. Kujimwagia maji ya vuguvugu kwenye fukuto ni kulowa tu, na yakiingia viatuni mnapata malengelenge. Inama mbele kabla ya kumwaga. Barafu tieni ndani ya soksi safi, ifungwe shingoni. Mwekeni mwenzenu mmoja asiyekimbia na ndoo ya barafu mahali mnapopita mara mbili.

Upepo nao una hesabu yake. Wakati wa kusi, upepo wa kutoka kusini, ukivuka daraja la Nyali kutoka kisiwani mara nyingi unakusukuma mgongoni, na kila mtu anafurahi. Lakini upepo unaokwenda nawe hauigusi ngozi yako, ni kama kukimbia chumbani. Daraja halina kivuli na lina mwinuko, kwa hiyo hapo ndipo pa kupunguza, hata kama miguu inadai kwenda. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ikivuma mambo yanageuka: kurudi ndiko kwenye moto. Sehemu kama hizo msikimbie mmebanana, tawanyikeni hatua mbili tatu.

Kikundi kina hatari yake: hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema "punguzeni". Kateni hilo kabla ya siku. Mwendo unapangwa na aliye polepole kuliko wote, mnagawana wawiliwawili, na hakuna anayemwacha mwenziwe. Sababu si upendo peke yake. Aliyepigwa na joto hajijui, kwani kinachoharibika mwanzo ni akili. Kila kilomita 5 muulize mwenzako hesabu ndogo: 42 toa 27? Akikosea, akichelewa, au akikasirika kwa kuulizwa, mnatembea. Akisema anasikia baridi na vinyweleo vimesimama, au anayumba, mbio zake zimekwisha, hata kama bado jasho linamtoka. Wengi husubiri jasho likauke ndipo washtuke, na kwa mkimbiaji mara nyingi halikauki kabisa.

Hapo ni kupoza kwanza, kumpeleka hospitali baadaye. Dakika zinazopotea kwenye foleni ya magari ndizo zinazoumiza ubongo. Mmoja apige simu ya gari la wagonjwa, wengine wamlaze kivulini. Chovyeni leso (kanga) sita kwenye maji ya barafu, mzifunike kichwa, kifua, mapaja na miguu, na mzibadilishe kila dakika moja au mbili maana zinapata joto upesi. Endeleeni hata gari likifika. Asiye na fahamu kamili msimnyweshe kitu.

Aliyemaliza vizuri akaanguka hatua chache baada ya mstari ni habari nyingine: kasimama ghafla, damu ikabaki miguuni. Mlazeni, inueni miguu, na akili ikiwa timamu atapata nafuu baada ya dakika chache. Wengine watembee dakika 10 kabla ya kukaa. Supu ya chumvi ni nzuri hapo. Vidonge vya maumivu vya ibuprofen visiguswe kabla ya mbio wala wakati wa mbio, na baadaye pia visubiri mpaka mtu amekojoa mkojo wa rangi ya kawaida, kwa sababu figo zilizokauka hazivipendi.