Siku moja gereji Arua: Corolla ya 1994 isiyotaka kuwaka asubuhi

Saa 1 asubuhi
Jana nilimwomba mzee mmoja wa Koboko aache gari lake lilale hapa gereji, Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Ni Toyota Corolla ya 1994, ya kubebea abiria. Asubuhi hupigwa stata mpaka betri ichoke. Likishawaka, injini inatetemeka na kumisi, yaani inakosakosa kuchoma petroli. Ugonjwa wa namna hii lazima ukutwe baridi. Gari likiletwa limeshapata moto, dalili nusu zimekimbia.

Kwingine ameshabadilishiwa plagi na pampu ya petroli, na hali ni ileile. Inaniuma. Mzee anaishi kwa nauli ya abiria wake, halafu anauziwa vipuri vya kubahatisha.

Saa 2
Betri volti 12.6, safi. Plagi mpya, pengo lake kama inavyotakiwa, ila ncha zake nyeupe: hewa inaizidi petroli. Cheche ipo, presha ya petroli ipo. Nikaunganisha TE1 na E1, matundu mawili ya soketi ya kupimia kompyuta ya injini, kwa kipande cha waya. Taa ya injini ikapepesa mfululizo bila kusita, yaani hakuna kosa lililoandikwa. Wengi huishia hapo. Lakini kompyuta hizi za zamani hulalamika waya ukikatika au ukipiga shoti. Sensa, kile kidude kinachoipa kompyuta vipimo, ikidanganya kidogo, inaaminiwa tu.

Saa 3
Nikachomoa soketi ya sensa ya joto la maji. Kwa injini iliyolala usiku kucha, mita ilipaswa kusoma kati ya omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 2,000 na 3,000; maji yakipata moto, namba hushuka. Ikasoma 600! Kompyuta inaambiwa maji yana nyuzi karibu 60, basi inabana petroli ya kuwashia.

"Fundi, kidude hiki ndicho kinanitesa?"

"Ndicho, mzee, lakini hakiko peke yake." Sensa hiyo haielezi kwa nini injini inatetemeka hata ikiwa moto.

Saa 4
Tukaliwasha kwa shida. Nikapuliza dawa ya kusafishia kabureta kwenye mipira ya hewa, kidogo kidogo, kizimamoto kikiwa karibu. Penye ufa dawa hufyonzwa ndani na kuungua kama petroli. Chini ya manifoldi, bomba linaloingiza hewa kwenye injini, resi (mizunguko ya injini) zikapanda: mpira wa mvuke wa oili umelainika na kupasuka kwa chini, mahali ambapo bila kioo huuoni.

Saa 6
Kijana wangu amerudi na mpira mpya na sensa iliyotolewa kwenye gari bovu. Sensa ya namna hiyo siifungi kabla ya kuipima. Mama wa chai akatupa maji ya moto. Ikiwa baridi ilisoma 2,400, kwenye maji ikashuka hadi karibu 300. Tukafunga.

Mchana wote ni boda na breki za pikapu.

Saa 11 jioni
Injini imepoa. Stata mara moja, ikashika, ikatulia kwenye mizunguko kama 800 kwa dakika. Hata hivyo nataka niione kwa baridi ya alfajiri, kwa hiyo mzee analala kwa shemeji yake. Akaniuliza kama ile pampu ya zamani aitupe. Nikamwambia aiweke kwenye buti. Kwa dalili nilizoziona, haikuwa na kosa.