Siku moja maishani mwangu: fundi wa kuunganisha magari, Mesa, Arizona

Saa 11 alfajiri. Mwisho wa Machi huku, ukichelewa kuamka utafanya kazi juani. Huu ndio msimu wetu wa pilikapilika: wazee waliokimbia baridi ya Minnesota na Alberta wanafungasha kurudi makwao kabla joto halijapamba moto. Wengi wao husafiri kwa motohomu, yaani basi lenye kitanda, jiko na choo, na nyuma yake hukokota gari dogo la kuendea dukani wakishaegesha lile kubwa. Kazi yangu ni pale yanapoungana.

Kwetu Mwanza gari likiharibika hufungwa kamba, mtu akakaa kwenye usukani wa lile la nyuma na kukanyaga breki akiona kamba inalegea. Huku gari la nyuma halina mtu. Magurudumu yote manne yako chini, mwendo ni kilomita 100 kwa saa, na usukani unajizungusha wenyewe. Yote ambayo yule jamaa wa Mwanza angeyafanya, inabidi yafanywe na vyuma na nyaya.

Saa 1 asubuhi. Mzee na mkewe wananisubiri getini. Motohomu yao ina urefu wa futi 36, imejengwa juu ya chesisi, yaani fremu ya chini, ya Ford F-53, na gari la kukokotwa ni Jeep Wrangler ya milango minne. Mzee amejinunulia mkono wa kukokotea, chuma cha kuunganisha Jeep na motohomu, wa ratili 10,000 na anauweka mezani kwa fahari. Mkono ni mzuri, sikatai. Ila kiungio kilichoko nyuma ya motohomu yake kina kibandiko cha ratili 5,000, kama kilo 2,270, kwa hiyo uwezo wake ni huo huo 5,000 hata akileta mkono wa 20,000. Anakunja uso. Wateja hupenda namba kubwa. Mimi nalipwa kutafuta ile ndogo kuliko zote.

Saa 2. Tunakwenda kupima kwenye mizani ya malori. Hapa ndipo wengi hunishangaa, maana walidhani nitaanza na spana. Motohomu, ikiwa na mizigo, mafuta na wenyewe wawili ndani, inasoma ratili 21,300. Jeep 4,450. Jumla 25,750. Chesisi hii inaruhusiwa ratili 22,000 peke yake, na 26,000 pamoja na inachokivuta. Wamebakiwa na 250.

Mama anafurahi. Namuuliza tangi la maji lina kiasi gani. Tupu, na linachukua galoni 50. Galoni moja ya maji ina ratili 8.3, kwa hiyo wakilijaza wameongeza zaidi ya 400 na wamevuka kikomo. Injini itavuta bila shida yoyote. Shida ni kusimama. Nawaambia wasafiri na maji ya kunywa na ya choo tu, watajaza wakifika kambini. Mama anaandika kwenye daftari lake. Mzee anatazama milima.

Saa 4. Chini ya gari, mgongo kwenye kigari cha kulalia. Motohomu za namna hii zina mkia mrefu nyuma ya magurudumu: kiwanda cha lori hutoa chesisi fupi, halafu mjenzi wa motohomu anaiongezea vyuma na kufunga kiungio mwishoni kabisa. Kila tuta barabarani, mkia unapanda na kushuka, na kila mtikisiko unaishia kwenye boliti hizo. Natafuta ufa kwenye michomeleo na kutu, kwa sababu barabara za Minnesota humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Kutu ipo lakini ya juu juu. Mwenzangu wa Bukavu anamulika tochi upande wa pili na kuniita.

"Muzee, hii iko mubaya."

Boliti mbili vichwani zina mistari mitatu badala ya sita. Mistari sita ndiyo daraja la 8, chuma kigumu; mitatu ni daraja la 5. Kuna mtu aliwahi kuzibadilisha akaokota zozote alizozikuta dukani. Tunaweka mpya na nati zake na kuzikaza kwa spana yenye kipimo. Kukaza kwa kukisia mkononi siruhusu, hata kwa fundi wa miaka mingi.

Saa 7 mchana, bugali na sombe, yaani ugali na kisamvu, kivulini. Kazi ya mwenzangu na mkewe, Mungu awabariki.

Saa 8. Urefu kutoka chini. Mdomo wa kiungio uko inchi 25 juu ya sakafu, vishikio vya Jeep inchi 19. Tofauti isizidi 3 au 4, mkono ukae karibu na kulala sawa. Ukiwa na mteremko mkali, siku ya breki ya ghafla Jeep inasukuma kwa pembe badala ya kusukuma moja kwa moja. Tunaweka kipande cha kushusha cha inchi 4, na hicho nacho nakisoma kibandiko chake.

Minyororo inapita chini ya mkono na kupishana kama mkasi, ili mkono ukichomoka udakwe usichimbe lami. Ilegee kiasi cha kukata kona, isikokote chini. Nyaya za taa tunazipitisha kwenye dayodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, ili umeme wa motohomu usirudi kwenye mitambo ya Jeep.

Saa 9. Breki, sehemu ninayoitetea kuliko zote. Sheria hutofautiana jimbo hadi jimbo, lakini mimi sikabidhi gari bila hiyo. Kuna kifaa kinachokaa mbele ya kiti cha dereva wa Jeep na kusukuma pedali kila motohomu inapopunguza mwendo. Wazee hawa watapita barabara kuu ya 17 hadi Flagstaff, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na huko kuna miteremko mirefu. Kisha ule waya mwembamba wa dharura: magari yakiachana, unachomoa pini na Jeep inajifunga breki yenyewe. Mwisho wa waya nafunga kwenye chesisi ya motohomu, kamwe si kwenye mkono, kwani mkono ukiondoka utaondoka na waya wake. Naichomoa pini mbele ya mzee. Pedali inazama kwa kishindo, naye anaruka.

Saa 10. Majaribio. Namwachia mzee afanye kila hatua mwenyewe: transfa (kigawanya nguvu; kikiwa N, magurudumu hayazungushi giaboksi) kwenye N, aweke gia ya D kisha R kuhakikisha Jeep haisogei, arudishe P, azime, ahakikishe usukani haujafunga. Tunazunguka mtaa, mkono unajinyoosha na kujifunga, indiketa zinafuatana. Kurudi nyuma ni marufuku hata hatua chache, magurudumu ya mbele yanakata kona yenyewe na mkono unapinda. Akiingia njia isiyotokea, ashuke aitoe Jeep.

Saa 11 jioni nafunga geti, simu inalia. Bwana mmoja ana gari dogo la otomatiki, anataka nimfungie kiungio kesho alikokote magurudumu manne chini. Namuuliza kitabu cha gari kinasemaje. Hajakifungua. Namwambia otomatiki nyingi hupata mafuta ya giaboksi injini ikiwaka tu, zikikokotwa zinaungua njiani. Asome kwanza, la sivyo atafute trela. Ananiuliza trela ni bei gani.