Karo ikishalipwa, bado mtoto yatima hajaketi darasani

Serikali ilianza kugharamia masomo katika sekondari za kutwa mwaka 2008, na tangu 2018 mgao wa kila mwanafunzi wa shule ya umma umewekwa kuwa Sh22,244 kwa mwaka. Ni msaada mkubwa. Lakini pita Obunga, Nyalenda au Manyatta hapa Kisumu saa nne asubuhi siku ya shule, uone watoto wa rika la sekondari wanaochota maji, wanaouza sukumawiki, wanaomwogesha ndugu mdogo. Si wote waliofukuzwa kwa ajili ya karo. Wengine walikosa viatu, wakakosa chakula cha mchana, wakakosa mtu wa kutia sahihi kwenye fomu, halafu siku moja hawakurudi. Ndiyo maana mimi huipima sekondari ya jamii inayopokea yatima na watoto wa familia hohehahe kwa vitu ambavyo wageni hawavipigi picha: stoo kavu, choo kisichodidimia, faili iliyokamilika.

Kwa kamati inayoanzisha au kuendesha shule kama hiyo: kwanza, kuchagua watoto. Majina yatoke kwa watu watatu tofauti: mzee wa mtaa, mhudumu wa afya ya jamii, na mwalimu wa shule alikotoka mtoto. Jina lililotajwa na wawili kati yao ndilo linalotembelewa nyumbani. Waende watu wawili, mmoja awe mwanamke, bila kutoa taarifa, na waandike wanachokiona: mtoto analala wapi, jikoni kuna nini, nani huleta chakula, nani mgonjwa. Kosa la kawaida ni kuuliza "Huyu ni yatima?" na kufunga daftari. Kuna yatima anayelelewa na mjomba mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na kuna mtoto mwenye wazazi wote wawili, baba amepooza na mama anafua nguo za watu kwa siku. Wa pili ndiye mwenye dhiki. Kosa lingine ni mjumbe wa kamati kuketi kikao kinachojadili mpwa wake. Iandikwe kwenye katiba ya shule kwamba mwenye jamaa kwenye orodha hutoka nje mpaka uamuzi upitishwe, na muhtasari uonyeshe kwamba alitoka.

Tena msijaze shule yatima watupu. Shule ikishaitwa "ya mayatima", jina hilo humfuata mtoto mpaka sokoni. Changanyeni na watoto wa mtaa wanaolipa karo ndogo, sare iwe moja, foleni ya chakula iwe moja, na orodha ya wanaosaidiwa isisomwe gwarideni hata siku moja. Karo hiyo ndogo pia ndiyo huingia hata mfadhili anapochelewa.

Iwe ya kutwa. Mwelekeo wa nchi, katika mkakati wa kitaifa wa malezi wa 2022 hadi 2032, ni mtoto kulelewa katika familia badala ya taasisi, na bibi anayemwona mjukuu wake kila jioni ni ulinzi ambao hakuna matroni anayeuweza. Mkilazimika kuwalaza watahiniwa wanaotoka mbali, fuateni mwongozo wa usalama wa shule wa 2008 neno kwa neno: mita 1.2 kati ya kitanda na kitanda, milango inayofunguka kwa nje, mlango wa dharura katikati, madirisha yasiyo na vyuma. Bweni lenye vyuma dirishani halifai kulaliwa hata usiku mmoja.

Sasa chakula, na hapa nitakaa kidogo. Chukulia wanafunzi 120 wanaokula githeri, au nyoyo kama wasemavyo Wajaluo. Kijana wa miaka 16 apimiwe gramu 200 za mahindi makavu na gramu 80 za maharagwe kwa mlo. Hizo ni kilo 24 za mahindi na kilo 9.6 za maharagwe kwa siku. Kwa muhula wa wiki 13, mahindi ni kilo 1,560, yaani magunia 17 na ushee ya kilo 90, na maharagwe ni kilo 624, karibu magunia saba. Ongeza mafuta, chumvi, sukumawiki mara tatu kwa wiki, na omena siku moja: gramu 20 za omena kavu kwa kila mmoja ni kilo 2.4 tu kwa shule nzima.

Mahindi ya Kitale na Eldoret huwa na bei nzuri kati ya Novemba na Januari, baada ya mavuno. Kufikia Mei, Juni, bei hupanda, na shule inayonunua kwa gorogoro, lile kopo la kupimia nafaka sokoni, wiki baada ya wiki hujikuta ikipunguza kipimo. Nunueni ya mihula miwili kwa pamoja mkiweza. Lakini kununua mengi bila kuyapima ukavu ni kununua hasara. Kipimo cha bei nafuu ni hiki: chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia vijiko vitatu vya chumvi kavu, jaza mahindi mpaka theluthi moja ya chupa, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha iache itulie dakika 15. Chumvi ikigandia ukutani mwa kioo, unyevu umepita asilimia 15 na mahindi hayo yarudi juani. Isipogandia, bado yaanikeni siku moja zaidi, kwa maana kiwango salama cha kuhifadhi ni asilimia 13.5 na chupa haioni tofauti hiyo ndogo. Chumvi yenyewe ikiwa na unyevu, chupa itawadanganya, ianikeni kwanza.

Mahindi mabichi huota ukungu, na ukungu huleta sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kuchemsha. Punje zilizobadilika rangi zichambuliwe na zitupwe, wala zisipelekewe kuku. Kwa dumuzi, yule mdudu anayetoboa mahindi stooni, magunia yasiyopitisha hewa yanafaa kuliko dawa ya unga katika stoo ya watoto, lakini kila tabaka la nailoni ndani yake lifungwe kivyake baada ya kukamuliwa hewa, na gunia likae juu ya mbao, mbali na ukuta. Tundu moja la panya likishatoboka, hilo ni gunia la kawaida.

Jikoni, mahindi na maharagwe yalowekwe tangu jioni. Msipoloweka, kuni huongezeka na chakula huiva saa nane, wakati somo la alasiri limekwisha anza. Maharagwe yaliyokaa zaidi ya mwaka hayalainiki hata yalowekwe, kwa hiyo muulizeni muuzaji ni ya msimu gani na mpike kibaba kimoja kabla ya kulipia gunia.

Choo. Mwongozo ule wa 2008 unataka matundu manne kwa wanafunzi 30 wa kwanza, kisha tundu moja kwa kila 30 wanaofuata, hivyo wanafunzi 120 wanahitaji saba. Unataka pia shimo la futi 20 na umbali wa mita 15 kutoka kisimani. Kule Maragoli utakutana na mwamba kabla ya kina hicho. Kwenye tambarare za Kano utakutana na maji. Udongo mweusi wa Kano huvimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka, na ukuta wa shimo usiojengewa huporomoka baada ya masika moja au mawili. Lijengeeni shimo kwa mawe au matofali tangu chini, inueni sakafu juu ya alama ya mafuriko, lifanyeni fupi na la kuzolewa, na mwiteni afisa wa afya ya umma aone kabla hamjaanza kuchimba, maana yeye ndiye atakayetia sahihi kwenye karatasi za usajili wa shule. Upande wa wasichana, chumba kimoja kiwe na komeo la ndani, maji, na ndoo yenye kifuniko ya kutupia sodo. Bila ndoo hiyo sodo huishia shimoni, na shimo hujaa kabla ya wakati wake.

Walimu nitawapitia kwa hesabu. Kwa vidato vinne vya mfumo wa zamani wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo), darasa moja kila kidato na vipindi 45 kila darasa kwa wiki, hesabu ni vipindi 180. Mwalimu akibeba 25, mnahitaji walimu wanane, wote wakiwa na nambari ya TSC, yaani Tume ya Huduma kwa Walimu. Mwalimu wa fizikia hakimbii mshahara mdogo peke yake. Hukimbia mshahara asiojua utakuja lini. Wekeni akiba ya mishahara ya muhula mmoja kabla ya kujenga darasa jingine. Harambee ifanyiwe jengo, isifanyiwe mishahara, kwa sababu watu huchanga wakiona mawe na si wakiona daftari la malipo.

Maabara ndogo inatosha ikiwa hesabu yake ni sahihi. Kwa zoezi la tindikali na besi, wanafunzi 30 wakirudia mara tatu kwa mililita 25 wanatumia lita 2.25, andaeni lita nne kwa sababu ya kusuuza na kumwagika. Gramu 16 za sodiamu haidroksaidi katika lita nne hutoa mchanganyiko wa 0.1 M (moli 0.1 kwa lita). Kopo lake lisiachwe wazi hata kwa nusu saa, kwani huvuta unyevu wa hewani na kuwa tope, na mizani yenu haitasema kweli tena. Jambo hili litazidi uzito sasa: kundi la kwanza la mtaala wa umilisi lilipangiwa kuingia Gredi ya 10, mwaka wa kwanza wa sekondari ya juu, Januari 2026, likiwa na mikondo mitatu ya masomo ya kuchagua, huku KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari wa mfumo wa 8-4-4, ikitarajiwa kumalizika 2027. Shule yenye maabara moja ichague mikondo inayoiweza na iwaambie walezi mapema.

Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori ndizo kaunti zenye maambukizi makubwa ya virusi vya ukimwi nchini, kwa hiyo katika shule kama hii wapo watoto wanaomeza ARV, dawa za kupunguza makali ya virusi hivyo. Mtu mmoja tu shuleni ajue, yule ambaye mtoto au mlezi amemchagua. Siku za kliniki zipangwe na kliniki yenyewe ziangukie likizoni, dawa zitolewe za miezi kadhaa, na ruhusa ya kutoka iwe kadi ileile anayopewa kila mwanafunzi, isiyoandikwa sababu.

Na sasa faili. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa hasajiliki vizuri kwenye mfumo wa serikali wa wanafunzi, na usajili wa KCSE hufanywa mapema mwaka wa kidato cha nne, wakati ambapo hakuna tena nafasi ya kuanza kutafuta. Kazi hii ifanywe mwaka wa kwanza wa sekondari, muhula wa kwanza. Kinachohitajika kwa usajili uliochelewa ni ushahidi: kadi ya kliniki au ya ubatizo, barua ya chifu, kitambulisho cha mzazi, na kama mzazi alifariki, cheti cha kifo au angalau kibali cha mazishi. Ada yenyewe si kubwa. Kinachowashinda mabibi ni nauli ya kurudi ofisini mara nne kwa sababu ya karatasi moja. Shule ikusanye karatasi za watoto kumi, izikague, kisha mtu mmoja aende nazo.

Kagueni majina herufi kwa herufi. Achieng' kwenye cheti na Achieng bila ritifaa kwenye matokeo ya msingi, Wafula mahali pa Wafulah, majina matatu hapa na mawili pale: kila tofauti itamrudisha mtoto dirishani siku ya kuomba kitambulisho, basari au chuo. Sahihisho ni rahisi akiwa mwaka wa kwanza na chifu aliyemjua baba yake bado yuko kazini.

Tengenezeni nakala tatu za kila faili. Moja ibaki ofisini, moja kwa mweka hazina wa kamati, na moja apewe bibi yake ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa, uning'inizwe juu ya kitanda na si chini yake, kwa sababu Aprili maji huingia kwa mlango.